Siku Tisa Nilizomficha Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wako wanaosema hivyo kwa kujisifu. Mimi naungama tu. Nyumba yetu iko Shela, hapa Malindi, cherehani yangu iko dirishani, na kwa miaka zaidi ya ishirini dunia yangu imekuwa ile inayopita kati ya dirisha hilo na duka la nazi lililo ng'ambo ya njia. Hata kuolewa, niliolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipoachwa sikuhitaji gari la kuhamisha vitu: mimi nilishika godoro upande huu, mamangu akashika upande ule, tukavuka njia, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nishaketi pale pale natia vifungo sare za shule. Kilifi nimefika mara chache, kwa hospitali na kwa harusi. Ngomeni mara mbili, na zote mbili nilirudi kabla wenyeji hawajanizoea. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu hata akitiwa peponi, swali lake la kwanza litakuwa, tunarudi lini?"

Basi huyo ndiye aliyepandishwa ndege kwenda Maskati.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu, na kati yetu kuna miaka kumi na mitatu. Baba alishafariki zamani. Mdogo wangu aliolewa Maskati na kijana wa huko ambaye wazee wake walitoka Unguja, akakaa miaka saba bila mtoto, kisha Mungu akampa. Kwetu mwana wa kike akizaa mara ya kwanza, mamake ndiye anayemshughulikia zile siku arobaini. Haiulizwi. Mama, na presha yake na sukari yake na mfuko wake wa nailoni uliojaa vidonge, akasema anakwenda, na mimi nakwenda naye kwa sababu nimesoma mpaka kidato cha nne na naweza kusoma vibao. Cheti changu kimo sandukuni chini ya mashuka, na alama zake si za kuwaonyesha wageni. Lakini mama alikiamini kuliko pasipoti.

Tulipotua tulikuta zile ngazi zinazokwenda zenyewe. Mama alizikanyaga, akashika ukingo, akapanda ameinua kidevu kama bibi arusi. Mimi nilibaki chini nimesimama, na nyuma yangu foleni ya watu na mabegi yao.

"Panda, wewe!" akanipigia kelele kutoka juu. "Hazina meno!"

Watu wawili watatu wakacheka, ndipo nikajua kwamba Maskati kuna watu wanaosikia Kiswahili, kwa hivyo hata aibu yangu haikuwa na pa kujificha.

Mtoto alizaliwa wiki ya pili baada ya sisi kufika, wa kiume, kichwa kimejaa nywele. Mama akashika usukani wa nyumba. Uji wa pilipili manga asubuhi na alasiri. Maji ya moto na kitambaa kizito, kumkanda mdogo wangu mgongo na tumbo mpaka analia. Ubani chini ya kitanda. Leso mbili za kumfunga kiuno. Mzazi, maana kwetu ndivyo aitwavyo mwanamke aliye ndani ya arobaini yake, hatoki nje, hapigwi na upepo, na hashtuliwi. Hilo la tatu ndilo kubwa. Mzazi akishtuka maziwa hukata, na mtoto ambaye mama yake amekatikiwa na maziwa, nani atamjibu kilio chake? Kiyoyozi kilizimwa. Maskati, katika joto lile, kiyoyozi kikazimwa, na shemeji yangu, mtu mpole, akawa anakaa sebuleni na kitambaa cha jasho shingoni bila kusema neno. Mimi kazi yangu ilikuwa kusonga pale nilipoambiwa nisonge.

Siku ya kumi na tisa ya mtoto, alasiri, mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Kilichoanguka kwanza ni mwiko. Nilipogeuka niseme, mama, mikono yako leo ina nini, nikamwona ameshika ukingo wa jiko, uso umekuwa rangi ya majivu na jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akatazama mlango wa chumba cha mzazi uliokuwa umefungwa, akaweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Shemeji alikuwa nyumbani siku ile. Tukamteremsha kwa lifti, mimi ambaye tangu nifike nilikuwa nashuka ngazi kwa miguu kwa kuogopa lifti. Garini mama alinikamata kifundo cha mkono.

"Amejua?"

"Amesikia umejisikia vibaya."

"Mwambie sukari. Sukari imepanda, wanaishusha." Alipumua kwanza. "Mzazi haambiwi. Na wewe," akamwambia shemeji kwenye kioo cha mbele, "uniapie."

Shemeji akaapa. Mimi sikuombwa kuapa. Mimi mama alinijua: nikiambiwa kaa hapa, hukaa.

Haikuwa sukari. Daktari, Mhindi mmoja mrefu mwenye haraka, aliniambia maneno mengi kwa Kiingereza, na mimi na kidato changu cha nne tukashika matatu: moyo, dhaifu, tungoje. Shemeji ndiye aliyenifafanulia kwamba kipande cha moyo kimekufa, na kilichobaki kinafanya kazi ya viwili. Siku ya pili ilikuwa zamu yake ya kurudi jangwani, kwenye visima vya mafuta, wiki mbili ndani na wiki mbili nje, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Akaniacha mlangoni pa wadi, macho mekundu.

"Dada, wewe ndiye mkubwa hapa sasa."

Mkubwa! Nilitaka kugeuka nimwone huyo anayeambiwa.

Basi ikawa hivi. Asubuhi nampikia mzazi uji, namkanda, namwachia jirani mmoja aliyekuwa akija kumshikia mtoto, nachukua teksi dakika kumi mpaka hospitali. Adhuhuri narudi. Alasiri nakwenda tena, jioni narudi. Hospitali na chumba cha mdogo wangu vilikuwa karibu kuliko nyumba yetu na feri ya Kilifi ya zamani. Karibu mno kuliko safari yoyote niliyowahi kuikataa. Na kila nikirudi, mdogo wangu ananiuliza kutoka kitandani, mtoto yuko titini, "Mama ameamkaje?" au "Mama ameshindaje?" Na mimi najibu, "Salama."

Siku mbili tatu za mwanzo uwongo ule tuliutunga pamoja, mimi na mama, na wallahi naona yeye uliufurahisha moyo wake.

"Mwambie nimekula samaki," akasema siku ya pili, mgongo umeegemezwa mito mitatu, sauti ndogo lakini ya kwake.

"Samaki gani?"

"Changu. Changu wa kukaanga. Lakini mwambie hawajui kutia chumvi."

"Chumvi ya nini tena, mama? Si imetosha kusema umekula?"

"We mtoto, hata kudanganya hujui? Usipotia kasoro hatakuamini. Ataanza kujiuliza, mama hakusema baya lolote, kwani mama ana nini?"

Nilifika nyumbani nikasema changu, nikasema chumvi. Mdogo wangu akacheka mpaka mtoto akaachia titi. "Mama huyo! Yuko kitandani kwa watu na bado anapima chumvi!" Akala bakuli lote la uji. Ukweli ni kwamba mama alikula vijiko viwili vya mtindi, akataka kutapika.

Siku ile na iliyofuata aliongea naye kwa simu pia. Nilimshikia simu sikioni. "Mimi sijambo, mwanangu. Wewe unakandwa? Huyu dada yako ana mikono ya mkate mwepesi, mwambie abonyeze." Halafu akinirudishia simu anafumba macho, amechoka kama aliyetoka kutwanga.

Kitanda cha pili, nyuma ya pazia, alikuwako bibi mmoja wa miguu iliyovimba. Alitoka Unguja angali msichana mdogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimehifadhiwa kama nguo ya sandukuni. Nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza, akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Malindi.

"Ndio maana," akasema. "Nimesikia mtu anaomba radhi kwa kiti kabla ya kukikalia."

Kutwa alikuwa akisikiliza yetu kupitia lile pazia, wala hakuficha. Siku ya tatu aliniuliza kwa sauti, "Na huyo mdogo mnayempelekea samaki, mbona hatumwoni?"

"Ni mzazi, bibi. Hajatoka arobaini."

"Ahaa. Yu mji gani?"

"Mji huu huu, bibi."

Nikasikia anajigeuza.

Nisidhaniwe kwamba sikuwa na sababu. Nilikuwa nayo, tena ya nyumbani. Mama mwenyewe, aliponizaa mimi, alikuwa na siku kumi na moja za uzazi babake alipofariki. Nyumba nzima ilijua, mtaa ulijua, muuza maji alijua. Yeye aliambiwa babu amekwenda Ngomeni kutazama mashamba ya chumvi. Watu walikuwa wakilia nyumba ya jirani, kisha wanajifuta macho, wanavuka njia kumletea uji. Siku ya arobaini na moja akaoga, akavaa leso mpya, ndipo wakamketisha wakamwambia. Hadithi hii aliisimulia mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia jinsi nyumba ilivyoezekwa. "Walinipenda," alikuwa akisema. "Wewe ungenyonya nini?" Nami nilikua nikiamini kwamba mimi mwenyewe niko hai kwa sababu watu wazima walijua kunyamaza.

Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tukichambua mchele, alisema neno la ziada: "Nilikuwa namsikia jirani analia, nikajua ni mumewe anampiga. Nikamwombea." Akaendelea kuchambua.

Siku ya nne walimvisha kile kinyago cha hewa. Maneno yakawa taabu. Simu ikaingia mkobani mwangu na kuanzia hapo nikawa natunga peke yangu. Nikasema chaji imekwisha. Nikasema wauguzi hawataki simu wadini. Nikasema amelala, na hilo halikuwa uwongo sana. Nikatia na kasoro, kama nilivyofundishwa: mama amemgombeza muuguzi, mama asema shuka za huku zinanuka dawa, mama asema mtoto asivalishwe soksi, anatoka jasho. Mdogo wangu akamvua mtoto soksi. Mama hakuwa amesema neno kutwa ile.

Siku ya tano daktari alinisimamisha kwenye njia ya wadi. Safari hii alisema polepole, na kwa bahati mbaya nilimwelewa kila neno. Kama kuna jamaa wanaopenda kumwona mama yako, waje. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nikarudi kitandani. Mama akanyanyua nyusi: asemaje?

"Asema unaendelea vizuri," nikamwambia.

Nilikuwa nimefikia mahali ninamdanganya hata mwalimu wangu.

Siku ya sita nilifika saa kumi alasiri. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni, inavyokauka na hewa ya mashine zile, nikamwona anahangaika na uso. Aliinua mkono wenye mipira ya dawa, akakivuta kinyago mpaka kidevuni. Mashine ikaanza kulia.

"Yule mdogo yu wapi?" akasema. "Mbona haji?"

Nilitazama mlango, kana kwamba kuna mtu mwingine anayepaswa kulijibu swali lile.

Mpaka leo sijui. Sijui kama alikuwa amelisahau agizo lake mwenyewe, au alikuwa amelifuta. Ni mambo mawili, na kila moja lina jawabu lake. Kama alisahau, kazi yangu ilikuwa kumkumbukia. Kama alilifuta, kazi yangu ilikuwa kukimbia, kushuka zile ngazi zote, kumtia mdogo wangu buibui, kumleta. Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi.

"Amelala, mama," nikasema, nikamrudishia kinyago puani.

Alinitazama. Hakukasirika, ningependa niseme alikasirika. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akageuza uso.

"Mlete," akasema bibi nyuma ya pazia.

"Bibi, ni mzazi—"

"Mzazi hana miguu? Mlete, mwanangu. Mimi nilizaa wanane mji huu, na maziwa hayakuwahi kuniuliza nimesikia habari gani."

"Kesho, bibi."

"Haya," akasema. "Kesho."

Nilitoka na nia ya kusema, Mungu ni shahidi wangu. Ndani ya teksi niliyapanga maneno. Nikafungua mlango, nikamkuta mdogo wangu ameketi sakafuni juu ya mkeka, mtoto kamlaza juu ya miguu yake, anampaka wanja na kumwimbia wimbo usio na maneno. Miaka saba alikuwa amengoja kuketi vile. Akainua uso, umejaa, unang'aa.

"Ameshindaje mama?"

"Salama," nikasema. "Ameuliza mtoto anaongezeka?"

"Mwambie amekuwa jiwe! Mwambie akirudi hatamwinua."

Naweza kusema nilimhurumia, na ni kweli. Naweza kusema nililinda maziwa, na ni kweli. Lakini iko sababu nyingine iliyo chini ya hizo, na hiyo ndiyo yangu hasa. Kumleta kungekuwa kukubali kwamba mama anakufa, na mimi maisha yangu yote nimeketi dirishani nikingoja mambo yapite yenyewe. Mengi yamepita. Ndoa yangu ilipita. Nilidhani na hili, nikilingoja vizuri, nikitulia, litapita.

Siku ya saba mama hakufungua macho. Siku ya nane aliyafungua mara moja, hakunitazama mimi wala mtu. Bibi hakuniuliza tena kuhusu kesho.

Siku ya tisa, asubuhi, saa tano, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, pumzi zikaanza kuachana. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kila mtoto wa kwetu anajua. Unamsomea shahada sikioni, polepole, aondoke nayo. Nikainama, na ulimi ukakataa. Mimi ninayesema kutwa na mashine ya kushona, sikuwa na neno. Ndipo nikaisikia sauti ya bibi kutoka nyuma ya pazia, nzito, haina haraka, inasoma. Akasoma, akarudia, akarudia, mpaka nikaweza kuifuata. Mama aliondoka akisomewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona uso.

Huko kama kwetu, maiti haikai. Walisema maziko ni baada ya alasiri. Nikampigia shemeji, simu ikashika mara ya sita. Akasema yuko njiani, asubiriwe. Kisha nikapanda teksi.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza uji niliomwachia. Bakuli lilikuwa juu ya kimeza, kijiko ndani.

"Mama ameamkaje?" akasema.

"Salama."

Nililisema. Mdomo ulikuwa umezoea, ukajibu kabla yangu. Neno lilitoka likasimama katikati ya chumba, na mimi nimesimama na buibui langu, machozi yananichuruzika mpaka shingoni. Alinitazama kwa muda. Akamweka mtoto kitandani, akamzungushia mito, taratibu, kila mto mahali pake.

"Lini?"

"Saa tano hii."

"Siyo sukari."

"Siyo. Moyo. Tangu siku ile ya kwanza."

Nilimngoja alie, nilimngoja anipige. Alikwenda kwenye kabati akatafuta buibui lake, ambalo hakulivaa mwezi mzima, na alipoliinua kulitia kichwani nikaona kifua cha nguo yake kimeroa. Maziwa. Yalikuwa yanamtoka yenyewe, pande zote mbili, yamepita nguo, yanashuka mpaka tumboni. Wala hayakukatika siku ile, wala iliyofuata, wala siku yoyote. Nilisimama nikiyatazama yale maziwa niliyoyalinda siku tisa.

Jirani yule wa kumshikia mtoto, akitokea jikoni, akasema, "Lakini mzazi hatoki, jamani." Mdogo wangu akamwambia, "Viatu vyangu viko wapi?"

Kwenye chumba cha kuoshea waoshaji walimwuliza kama ametoka nifasi, damu ya uzazi. Akasema bado. Wakanong'onezana, kisha mkubwa wao akasogea akampa nafasi upande wa kichwa. Hakuosha. Aliketi amekishika kichwa cha mama kwa mikono miwili mpaka wakamaliza, na hakunitazama hata mara moja. Wanaume wakamchukua. Shemeji aliwahi, na vumbi la jangwani bado limo nyusini. Sisi wanawake tukarudi ghorofani kwa lifti, na nilifika juu ndipo nikakumbuka kwamba huwa naiogopa.

Nilikaa mpaka arobaini ya mtoto ikaisha, maana mikono ya kumkanda ilikuwa imebaki yangu tu. Hatukusema zaidi ya "geuka" na "maji yamepoa." Siku moja nimemkanda mgongo, uso wake uko ukutani, akasema:

"Ile siku ya changu. Alikula?"

Mikono yangu ikasimama.

"Hakula. Alikula mtindi, vijiko viwili."

"Na chumvi?"

"Chumvi alisema. Alisema nikwambie, usije ukashuku."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kwa muda sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Endelea kukanda," akasema. "Bonyeza."

Nikarudi Malindi peke yangu. Nyumba niliyokuwa nikiililia huko nikaipata, imejaa watu waliokuja kwenye hitima, wanaingia mmoja mmoja wananishika mikono. Jirani zetu ni wema na walisema mema. Mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyesoma na mama chuo cha Kurani wakiwa watoto, alinikumbatia akasema, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Amekufa katikati ya wanawe wote wawili. Wangapi wanaipata?"

Ilikuwa rahisi sana kuitikia. Chumba kizima kilikuwa kinangoja nitikise kichwa.

"La, shangazi," nikasema. "Alikuwa na mimi tu. Mdogo wangu nilimficha."

Alinitazama, akatazama wenzake, akanipigapiga mgongo. "Mzazi tena," akasema kwa upole. "Ulifanya sawa." Na wote wakaitikia, naam, mzazi haambiwi, ulifanya sawa kabisa. Sijawahi kupewa haki na watu wengi hivyo, wala kujisikia mkosaji namna ile.

Sasa mdogo wangu hunipigia simu. Si kila siku. Pengine wiki, pengine mbili. Ananieleza mtoto anafanya nini, ananiuliza bei ya samaki huku. Kisha anasema, "Siku ya tatu." Au, "Siku ya nne." Nami namsimulia siku hiyo kama ilivyokuwa, bila samaki, bila soksi. Huniuliza moja tu kila simu. Mbili hawezi, amesema. Mimi pia siziwezi. Niliona zinavyosogea, nikawa nikisikia simu inalia nahesabu kwanza ndipo napokea.

Juzi ilikuwa asubuhi, nina suruali ya mwanafunzi mashineni, nusu imeshonwa.

"Siku ya sita," akasema.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Nilimwambia saa ngapi nilifika. Nilimwambia mafuta ya miguuni. Nilimwambia mkono wenye mipira na kinyago kilichoshuka mpaka kidevuni. Halafu nikaishia hapo.

"Alisema kitu," akasema mdogo wangu. Hakuwa anauliza.

"Alisema, yule mdogo yu wapi, mbona haji."

Nilimsikia mtoto huko anagonga kitu sakafuni, kijiko labda.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umelala."

"Saa kumi silali mimi, dada."

"Najua."

"Nilikuwa macho. Nilikuwa nampaka mtoto wanja."

"Najua. Nilikuja nikakuona."

Nilidhani atakata simu. Ningekuwa mimi, ningekata. Nilisikia pumzi zake, ndefu, kama za mtu anayekandwa pale panapouma.

"Sauti yake," akasema. "Ilikuwaje?"

"Ndogo. Imekauka na ile hewa."

"Siyo hivyo. Sema kama alivyosema yeye."

"Mdogo wangu—"

"Sema."

Nikajaribu. Ikatoka sauti yangu, ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Akasema sivyo. Nikaweka suruali ile kando, nikafumba macho, nikatafuta ile sauti niliyoishi nayo miaka arobaini na mitatu: jinsi alivyokuwa akiyavuta maneno mwishoni, jinsi swali lake lilivyokuwa halipandi juu bali linashuka, kama amechoka kungoja jawabu kabla hajauliza. Nikaipata.

"Yule mdogo yu wapi? Mbona haji?"

Mtoto aliacha kugonga.

"Tena," akasema mdogo wangu.

Nikasema tena.